MSOMAJI AULIZA: Shanta la Mwindaji wa Marekani



Mwezi huu tumepata swali lisilo la kawaida. Msomaji wetu mmoja ana mtoto wa ndugu yake anayeishi Marekani. Kijana huyo alituma picha nyumbani. Katika picha amesimama msituni. Amevaa kizibao cha rangi ya chungwa inayong'aa, kama wanavyovaa watu wanaotengeneza barabara. Mgongoni amebeba mzigo mkubwa kama askari. Juu ya mzigo zimechomoza pembe za mnyama. Pembe hizo zimefungwa kitambaa cha rangi ileile ya chungwa.

Pamoja na picha, kijana alituma habari. Alisema alikwenda kuwinda, akapata mnyama. Lakini mzigo ule ulimlaza kitandani siku mbili kwa maumivu ya mabega na mgongo. Sasa anatafuta shanta jingine.

Msomaji wetu anauliza mambo mawili. Kwanza, mwindaji hujificha. Kwa nini basi kijana huyu amevaa rangi kali namna ile? Pili, shanta zuri la mwindaji ni lipi, ili amwandikie mwanawe?

Shanta ni mfuko wa kubeba mgongoni, wenye mikanda miwili ya kupitisha mabegani. Wazee waliopita jeshini wanalijua vizuri. Tutajibu maswali yote mawili. Hatuandiki haya ili uchukue upinde uende porini. Kuwinda bila kibali ni kosa hapa kwetu, na huko Marekani pia.

MNYAMA MWENYEWE

Mnyama anayewindwa huko tutamwita kulungu mkia-mweupe. Hayupo Afrika. Anaishi kuanzia Kanada, kupitia Marekani na Meksiko, hadi sehemu za kaskazini za Amerika ya Kusini. Ukimwona kwa mbali utadhani ni swala. Lakini pembe zake zina matawi kama mti. Dume ndiye mwenye pembe, na kila mwaka pembe hizo hudondoka, kisha huota nyingine. Pembe za swala hazidondoki. Kulungu huyu akishtuka huinua mkia juu, na chini ya mkia wake ni peupe kabisa.

Karibu na mwaka 1900, kulungu hawa walibaki kama nusu milioni tu nchini Marekani. Watu waliwaua ovyo na kuuza nyama na ngozi. Ndipo sheria kali zikawekwa. Leo wamefika karibu milioni 30. Wanakula mahindi na soya za wakulima, na usiku wanagongwa na magari barabarani. Kwa hiyo kila mwaka watu huruhusiwa kuwinda kwa leseni, katika siku zilizowekwa. Siku za kuwinda kwa bunduki huwa hasa mwezi wa Novemba. Nyama ya kulungu wa porini haiuzwi. Mwindaji hula na watu wa nyumbani kwake, au humgawia jirani.

KWENDA NI KOTI, KURUDI NI NYAMA

Mwindaji huondoka nyumbani usiku, kabla ya kupambazuka. Katika majimbo ya kaskazini, kama Wisconsin na Michigan, Novemba ina baridi ya kugandisha maji. Utasema: basi na avae makoti yake yote. Hapana. Akitembea na koti zito atatoka jasho. Kisha atakaa saa nyingi bila kutikisika, akimsubiri mnyama. Jasho lile litapoa mwilini mwake. Atatetemeka, mikono itakufa ganzi, na mwisho hata akili itachoka. Baridi ya namna hii huua watu.

Kwa hiyo hutembea na nguo nyepesi, na koti lake hulitia ndani ya shanta. Akifika mahali pake, hungoja mwili utulie, ndipo avae. Basi kazi ya kwanza ya shanta ni kubeba koti. Vitu vingine ni vidogo: maji, chakula, kisu, kamba, dawa za huduma ya kwanza, filimbi, dira, na tochi mbili. Tochi ni mbili kwa sababu moja ikizimika gizani, utaitengeneza kwa mwanga gani?

Ukubwa wa shanta hupimwa kwa lita. Wewe unalijua debe. Debe moja huchukua karibu lita 20. Shanta la lita 30, yaani debe moja na nusu, linatosha koti na vitu vile tulivyovitaja. Madukani yapo mashanta ya lita 80, yaani madebe manne. Vijana huyapenda sana. Lakini mwenye shanta la madebe manne hulijaza madebe manne, hata kama safari yake ni ya nusu saa.

Nani basi anahitaji shanta kubwa? Ni yule anayewinda mbali na barabara. Wengi hawawindi mbali. Kulungu hawa hupenda kukaa karibu na mashamba. Mwindaji akimpata, humtoa matumbo, humburuta hadi njiani, au humvuta kwa kigari kidogo. Yako hata majimbo ambayo sheria yake inataka mnyama aletwe mzima, asikatwe vipande porini. Mtu wa huko akinunua shanta la kubebea nyama, amepoteza fedha zake.

Lakini anayewinda mbali hana njia nyingine. Atakata nyama na kuibeba. Hebu tupige hesabu. Kulungu wa kilo 70 hutoa karibu kilo 30 za nyama bila mifupa. Ongeza kichwa na pembe, koti, bunduki, na vitu vyake. Kama mtu mwenyewe ana kilo 70, anabeba zaidi ya nusu ya uzito wake, milimani na kwenye matope. Wenye busara hugawa mzigo huo na kwenda safari mbili. Nyama huitia katika mifuko ya kitambaa chepesi inayopitisha hewa. Nyama ya moto ikifungwa ndani ya plastiki huharibika upesi. Na ndani ya shanta pawe na kitambaa kinachotoka, ili damu ioshwe.

MZIGO UKAE KIUNONI

Sasa tumefika mahali kijana wetu alipoumia.

Mtazame mama anayebeba ndoo ya maji kichwani. Mwili wake umenyooka. Uzito wa ndoo unashuka shingoni, uti wa mgongo, hadi miguuni. Haumvuti mbele wala nyuma. Shanta baya halifanyi hivyo. Linaning'inia mabegani na kumvuta mtu nyuma. Ili asianguke chali, lazima ainame mbele. Akienda saa mbili ameinama, mabega yanakufa ganzi na kiuno kinamuuma. Tunadhani kijana alinunua mfuko kama wa watoto wa shule, ila ni mkubwa zaidi.

Shanta la mizigo lina fremu, yaani kiunzi cha alumini au plastiki ngumu upande wa mgongoni. Chini yake lina mkanda mpana wa kiunoni. Fremu hupeleka uzito chini, na mkanda huupokea juu ya mifupa ya nyonga. Mifupa hiyo ina nguvu, na miguu ndiyo inayobeba. Mabega kazi yake ni kulizuia shanta lisiyumbe tu.

Fremu lazima ilingane na mgongo wa mwenyewe. Kupima ni rahisi. Inamisha kichwa, uguse mfupa unaochomoza nyuma ya shingo. Kisha weka mikono miwili juu ya mifupa ya nyonga, vidole gumba vikielekea nyuma. Mtu mwingine apime kwa utepe wa fundi cherehani, kutoka mfupa ule wa shingoni hadi usawa wa vidole gumba. Watu wazima wengi hupata kati ya sentimita 40 na 55. Usikisie kwa kimo. Mtu mrefu anaweza kuwa na mgongo mfupi, urefu wake wote ukawa miguuni.

Usilijaribu shanta likiwa tupu. Shanta tupu humkaa vizuri kila mtu. Omba litiwe mzigo wa kilo 15. Kitu kizito kikae karibu na mgongo, kisikae chini kabisa wala mbali na mwili. Livae mikanda ya mabegani ikiwa imelegea. Funga kwanza mkanda wa kiunoni, uukaze juu ya mifupa ya nyonga. Baada ya hapo ndipo ukaze ya mabegani, kidogo tu. Tembea humo dukani. Panda ngazi kama zipo. Inama kama unayefunga kamba za viatu. Baada ya nusu saa, kama mabega yanauma, liache. Muuzaji atakuambia litalegea ukilizoea. Usimsikilize. Viatu hulegea, lakini fremu hailegei.

JUU YA ULINGO

Wawindaji wengi wa kulungu hukaa juu ya mti, kwenye kiti kama ulingo wetu wa kulindia ndege shambani. Kupanda huko kuna hatari kubwa. Katika majimbo kadhaa, wanaoumia kwa kuanguka mtini ni wengi kuliko wanaoumia kwa risasi. Ndiyo maana mpandaji hujifunga mkanda wa usalama tangu mguu unapoacha ardhi. Shanta hapandi nalo, wala bunduki hapandi nayo. Huviacha chini, bunduki ikiwa haina risasi, kisha huvivuta kwa kamba. Kwa hiyo tazama kishikio cha juu cha shanta. Kama kimeshonwa kwa uzi mmoja, kitakatika siku moja na mzigo utaanguka.

Jambo jingine ni sauti. Masikio ya kulungu ni makali, na ukiwa juu ya mti unachukua vitu ndani ya shanta yeye akiwa karibu. Kitambaa cha nailoni kigumu hulia ukikigusa, na kwenye baridi hulia zaidi. Likwaruze shanta kwa kucha mahali penye utulivu. Ukisikia kelele, naye atasikia. Kipo kitambaa chenye manyoya laini ambacho hakilii kabisa, lakini hunywa maji ya mvua na kukusanya miiba ya majani. Sisi tungechukua cha katikati: laini kidogo, lakini kilichofumwa kwa kubana.

RANGI YA CHUNGWA

Sasa turudi kwenye swali la kwanza. Kama ungetuuliza jambo moja tu kuhusu shanta, tungekujibu hili, na wala tusingezungumzia bei.

Macho ya kulungu si kama yetu. Haoni tofauti ya rangi ya chungwa na majani kama sisi tunavyoiona. Rangi ya buluu ndiyo anayoiona vizuri. Kwa hiyo kizibao kile kinachong'aa machoni petu, kwake kimefifia. Mwindaji amefichika mbele ya mnyama, lakini anaonekana mbele ya watu wenzake wenye bunduki. Majimbo mengi yameweka sheria kuhusu jambo hili kwa siku za kuwinda kwa bunduki. Jimbo la Georgia, kwa mfano, linataka inchi 500 za mraba za rangi hiyo juu ya kiuno. Hicho ni kipande cha kitambaa cha karibu sentimita 57 kwa sentimita 57. Georgia na majimbo mengine kadhaa huruhusu pia rangi ya waridi inayong'aa. Wisconsin ilianza kuiruhusu mwaka 2016.

Lakini fikiri, ndugu msomaji. Mtu amevaa kizibao chake vizuri, mbele na nyuma. Kisha anaweka shanta la rangi ya udongo mgongoni. Shanta limefunika rangi yote ya nyuma. Anapotembea alfajiri ameinama, mtu aliye nyuma yake anaona kitu cha rangi ya kulungu kinachopita kati ya miti.

Kwa hiyo shanta lenyewe liwe na rangi ya chungwa mgongoni, au livalishwe kitambaa cha rangi hiyo kinachofungwa kwa kamba ili kisipeperuke. Lisiwe na kitu cheupe kinachoning'inia. Hata leso nyeupe huachwa nyumbani, maana mwenzako anaweza kudhani ameona mkia wa kulungu.

Hatari huzidi wakati wa kurudi. Zamani mwindaji aliweza kumtupa mnyama mabegani, akamshika miguu na kwenda zake. Leo wanafundishwa wasifanye hivyo, kwa kuwa pembe na manyoya vinavyokwenda kati ya miti vinaweza kupigwa risasi na mtu mwingine. Basi mwambie ndugu yako kwamba kile kitambaa alichokiona juu ya pembe hakikuwa pambo la picha. Kijana alikosea shanta, lakini hapo hakukosea. Alikifunga kabla ya kupiga hatua ya kwanza, na alipaswa kukifungua akifika mlangoni kwake.