Chelagat Mutai na Deni la Bonde la Ufa

Agosti 2022 watu wa Nakuru walimchagua Bi. Susan Kihika kuwa gavana wao, mwanamke wa kwanza kukikalia kiti hicho. Nchi nzima magavana wanawake wakafika saba. Watu walipiga vigelegele, na ilikuwa haki yao. Lakini nderemo zile zilitufanya tujiulize: wangapi kati ya washangiliaji walilijua jina la Philomena Chelagat Mutai?

Wazee watamkumbuka. Vijana na waambiwe. Katika uchaguzi wa Oktoba 1974, wapiga kura wa Eldoret Kaskazini, katika mkoa ule uliokuwa na makao yake makuu Nakuru, walimtuma Bungeni msichana wa miaka 24 hivi, ambaye si muda mrefu alikuwa ametoka Chuo Kikuu cha Nairobi. Bi. Grace Onyango wa Kisumu alikuwa ameufungua mlango huo mwaka 1969, akakaa peke yake miaka mitano kati ya wanaume. Sasa waliochaguliwa wakawa wanne: yeye, Bi. Julia Ojiambo wa Busia, Bi. Nyiva Mwendwa wa Kitui, na huyu binti wa Bonde la Ufa, wa kwanza kuchaguliwa kutoka huko.

Mwaka huohuo Mzee Kenyatta aliamuru Kiswahili kitumike Bungeni. Sisi watu wa Pwani tulifurahi mno. Basi lugha yetu na msichana huyu waliingia Bungeni pamoja, na wote wawili wakatazamwa kwa jicho la pembeni.

Hakwenda kukipamba kiti. Na wakati wenyewe ulikuwa mzito. Machi 1975 J. M. Kariuki aliuawa, akazikwa kwake Gilgil, mwendo mfupi tu kutoka Nakuru. Mbunge wa Nakuru mjini, Bw. Mark Mwithaga, akafungwa. Oktoba mwaka ule Bw. Jean-Marie Seroney, aliyekuwa Naibu Spika, na Bw. Martin Shikuku wakakamatwa palepale Bungeni na kutiwa kizuizini. Mtu mwenye kuipenda nafsi yake angekaa kimya, akapokea mshahara wake, akangoja upepo utulie. Wengi walifanya hivyo, wala hatuwalaumu sana, maana hofu ni ya kila mja.

Bi. Chelagat hakunyamaza. Alizungumza juu ya ardhi: ni nani aliyepata mashamba yaliyoachwa na wazungu, na ni nani aliyebaki nje ya ua akitazama. Mwaka 1976 alishtakiwa kwamba aliwachochea wananchi watende fujo katika shamba la mkonge la Ziwa. Akahukumiwa kifungo cha miaka miwili na nusu. Miaka miwili na nusu, kwa mwanamke ambaye alikuwa hajatimiza thelathini!

Alipotoka, watu wake walimrudisha Bungeni mwaka 1979. Tuliangalie jambo hili vizuri. Mahakama ilikuwa imesema neno lake, na wapiga kura wakasema lao. Mwaka huohuo, upande wa Nakuru Kaskazini, Bw. Koigi wa Wamwere alimwangusha Bw. Kihika Kimani, ambaye ndiye baba wa gavana tuliyemtaja hapo juu. Ama kweli dunia duara.

Koigi na Chelagat wakahesabiwa miongoni mwa wabunge saba ambao Bw. Charles Njonjo aliwabandika jina la dhihaka, masista wenye ndevu. Wawili katika saba hao walikuwa wa kwetu Pwani, Bw. Chibule wa Tsuma na Bw. Mwashengu wa Mwachofi. Sista wa kweli alikuwa mmoja tu, naye ndevu hakuwa nazo.

Mwaka 1981 akakabiliwa na mashtaka mengine, mara hii ya madai ya pesa za usafiri. Akakimbilia Tanzania. Aliporudi mwaka 1984 siasa zilikuwa zimempita, na Bunge hakuliingia tena. Miaka iliyofuata ilikuwa ya dhiki na maradhi, mpaka alipofariki Julai 2013. Ndipo sifa zikamiminika kutoka kwa wakubwa. Sifa za maiti hazina gharama.

Hatusemi kwamba kila alilotamka lilikuwa sawa. Ujana una haraka zake. Lakini swali lake la ardhi halikufungwa pamoja naye. Liliwaka Molo na Burnt Forest mwaka 1992, likawaka tena Kiambaa na Naivasha mwaka 2008, na waliokufa hawakuwa hao wenye mashamba makubwa.

Katiba ya 2010 imewawekea wanawake viti 47 vya kaunti, ikaagiza pia kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili ya wabunge. Bunge liliizungusha sheria ya kulitekeleza agizo hilo hata Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais alivunje. Halikuvunjwa. Sisi tunaunga mkono hesabu hiyo itimizwe. Ila tunataka wanaoingia kwa hesabu hiyo wajue kwamba kabla yao aliingia mmoja bila ya hesabu yoyote, akasema, na akafungwa.

Sanamu hatuombi. Aliyoyasema yamo katika kumbukumbu rasmi za Bunge. Serikali za kaunti za Nakuru na Uasin Gishu zishirikiane kuyatoa humo na kuyachapa katika kitabu chembamba, kwa Kiswahili, kiuzwe kwa bei ambayo mwanafunzi wa sekondari wa Molo au wa Ziwa ataimudu.