Mti wa Kanada, Moshi wa Kwetu



Kuna neno moja ambalo tumechoka kulisikia. Ndugu zetu waliohamia Montréal wakirudi Lubumbashi kusalimia jamaa, wanatuambia: «Nyama ya moshi ya kweli ni ile ya mti wa erabli. Ninyi huku munachoma kuni yoyote tu.» Na vijana wetu wenye masomo wanaitika kwa kichwa. Mwaka uliopita mmoja wao alituletea hata kifuko cha vipande vya mti huo ndani ya valizi, kama mtu aletaye dawa. Tulikausha nacho kambale wawili. Walikuwa watamu, hatukatai. Lakini kifuko kiliisha siku ileile, na swali likabaki.

Erabli ni mti gani? Ni ule ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada tangu 1965. Baridi inapoanza kuisha, watu wa kule wanatoboa shina, wanakinga maji yake, wanayachemsha. Karibu litri 40 za maji hayo zinatoa litri 1 ya asali ya mti, na jimbo la Québec peke yake linatoa karibu 70% ya asali hiyo duniani. Mbao zake ni ngumu, hazina utomvu wa kunata kama msonobari, na moshi wake ni mpole. Ndiyo maana huko, na kwa majirani wao wa Vermont, Marekani, wanakausha nao mapaja ya nguruwe.

Basi watu wanafikiri: mti wa sukari, moshi wa sukari. Kumbe hapana! Maji ya mti huo yana sukari 2% tu au karibu na hapo. Harufu ya moshi haitoki kwenye asali. Inatoka kwenye mwili wa kuni wenyewe, hasa ile gundi ya asili inayoshikamanisha nyuzi za mti, inayoitwa lignini. Na lignini iko katika kila mti. Kwa hiyo mti wowote mgumu, mkavu, usio na utomvu wa kunata wala sumu, unaweza kutoa moshi mzuri, kila mmoja na harufu yake. Watu wa Québec hawakuchagua erabli kwa sababu unapita miti yote. Waliuchagua kwa sababu uliota nyuma ya nyumba zao na waliujua. Kama muembe ungeota kule, leo wangetusifia muembe.

Na sisi je? Kabla ya barafu na umeme, ni moshi uliookoa samaki wa Kasenga kando ya mto Luapula, na wa Kilwa na Pweto kwenye ziwa Moero, mpaka wakafika mjini juu ya makamyo bila kuoza. Bamama waliofanya kazi hiyo walikuwa na sheria zao. Kuni iwe ngumu na ikauke. Usichome mnyaa wala mti wowote wenye maziwa. Moto uwe mdogo, usitoe ndimi. Mafuta ya samaki yasidondoke ndani ya moto. Hawakusoma kemia, lakini walikuwa na haki. Leo wataalamu wanasema ndimi za moto na mafuta yanayodondoka ndiyo yanazaa benzopireni, kitu kinacholeta kansa. Huko Ulaya, tangu 2014, nyama ya moshi yenye zaidi ya mikrogramu 2 za kitu hicho kwa kilo 1 hairuhusiwi sokoni.

Sasa tuseme aibu yetu wenyewe. Katika mji huu tumeona samaki wakikaushwa juu ya mbao za masanduku, vipande vya milango yenye rangi na triplex yenye gundi, moto ukiwashwa kwa mifuko ya plastiki. Tulimuuliza mama mmoja, naye akajibu: «Papa, kuni ya pori iko bei. Mbao hizi napewa bure. Watoto watakula nini?» Hatukuwa na jibu. Mama yule hana kosa kubwa kuliko sisi tunaonunua samaki yake bila kuuliza, tukaenda nyumbani kuila na bukari. Rangi ya zamani inaweza kuwa na risasi ndani yake. Mbao zilizotiwa dawa ya mchwa zinaweza kuwa na arseniki. Moshi hauondoi sumu hiyo. Unaipandisha na kuilaza juu ya samaki.

Mtu atatuambia: pori limeisha, munataka tutoe kuni wapi? Hapo ndipo penye neno. Mitondo na miputu iliyozunguka Lubumbashi imegeuka makala. Luapula ilishatufundisha: samaki mpumbu walivuliwa wakati wa kupanda mto kutaga mayai, na kufikia miaka ya 1950 walikuwa wamepungua vibaya. Mti nao ni hivyo hivyo. Kifuko cha erabli hakitarudisha hata mti mmoja.

Wala hatusemi kwamba kila cha wazee kibaki kama kilivyo. Mwaka 2015 shirika la kansa la Umoja wa Mataifa liliweka nyama zilizosindikwa, na za moshi zimo, katika orodha ya vitu vinavyoleta kansa. Nyama ya moshi basi isiwe chakula cha kila siku. Na kama tunataka kuiga, tuige jirani: tanuru la Chorkor, lenye jina la mtaa wa wavuvi wa Accra, Ghana, linapanga chanja nyingi juu ya moto mmoja na kula kuni kidogo.

Tunaomba mambo matatu. Ukinunua samaki ya moshi, uliza: imekaushwa na kuni gani? Ukiwa na kiwanja, panda muembe na mupera. Matunda utakula, na matawi unayopogoa, yakikauka, yatakuwa kuni. Na kama nyanya yako angali hai, kaa naye, andika majina ya miti aliyoitumia na ile aliyoikataa. Erabli ina vitabu vyake. Miti ya nyanya zetu haina kitabu. Iko ndani ya vichwa vyao tu, na kila mwaka tunazika kichwa kimoja.

Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Kifuko cha Montréal kilikuwa msala upitao.