Wahandisi wetu waandaliwe mapema

Mtihani wa kidato cha sita hufanyika Mei. Vyuo vikuu hufunguliwa Oktoba au Novemba. Hata ukitoa miezi ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), muda hubaki. Kijana wa Tarime au Mugumu, mkoani Mara, aliyechaguliwa kusomea uhandisi hufika chuoni akiijua hesabu vizuri, lakini mara nyingi hajawahi kushika rula T wala kuandika programu ya kompyuta. Muhula wa kwanza haumsubiri.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwahi kuwapa wasichana kozi maalumu kabla ya kuanza uhandisi, na idadi yao ikaongezeka. Nyamongo, wilayani Tarime, kuna mgodi wa dhahabu wenye karakana na wahandisi. Halmashauri ya Wilaya ya Tarime itumie sehemu ya fedha za mgodi kwa jamii kuanzisha kozi kama hiyo, na vijana wa wilaya jirani ya Serengeti, uliko mji wa Mugumu, wapokelewe pia.