Kongo ikigeukia kwingine, Jumuiya itabaki na nini Mpondwe?

BWERA, KASESE – Siku za soko, Jumanne na Ijumaa, mpaka wa Mpondwe huchangamka kabla ofisi zake hazijafunguliwa. Wachuuzi kutoka Kasindi, upande wa Kongo, huvuka mto Lhubiriha wakiwa na mawese, vitenge na kahawa. Wanaporudi huwa wamebeba samaki wakavu, sabuni, mchele na maharage, huku malori ya saruji kutoka kiwanda cha Hima, kilicho ndani ya wilaya hii hii ya Kasese, yakisubiri zamu ya kukaguliwa. Mkalimani hahitajiki. Mkonzo wa Bwera na Mnande wa Beni husikilizana kwa lugha ya nyumbani, na panapobaki pengo Kiswahili hulijaza.

Kwenye ramani inayotundikwa Arusha, mpaka huu ni wa ndani. Kongo ilikubaliwa kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 29 Machi 2022 na kukamilisha taratibu za uanachama Julai mwaka huo. Kwa mwenye lori, hata hivyo, Mpondwe bado ni mwisho wa soko moja na mwanzo wa jingine. Kinshasa haijaanza kutoza ushuru wa pamoja wa forodha, na shehena inayokwenda Beni au Butembo husafiri ikiwa mali ya kupita tu, si mali iliyokwisha lipiwa bandarini kama ile inayokwenda Kampala.

Swali linaloulizwa sana tangu Goma ianguke Januari 2025 ni iwapo Kongo itabaki. Ni swali halali, ila linatazama mlango usio wenyewe.

Kongo ina viti vingi. Imo SADC, imo COMESA, imo jumuiya ya uchumi ya Afrika ya Kati, ECCAS, na imo Afrika Mashariki. Nchi yenye viti vinne haihitaji kuandika barua ya kujiuzulu. Inachagua tu ni mkutano upi iende. Ndivyo ilivyofanya kwenye usalama. Kikosi cha Jumuiya kilichoingia Kivu Kaskazini Novemba 2022 kiliondoka Desemba 2023 baada ya Kinshasa kukataa kuongeza muda wake, na mwezi huo huo kikaingia kikosi cha SADC chenye askari wa Afrika Kusini, Malawi na Tanzania. Tanzania, mwanachama mwanzilishi wa Jumuiya, ilirudi katika vita vile vile ikiwa imevaa jezi ya upande mwingine. Hata hao hawakudumu: SADC ilimaliza jukumu hilo Machi 2025. Mwezi mmoja kabla, tarehe 8 Februari, jumuiya zote mbili zilikuwa zimelazimika kuketi pamoja Dar es Salaam. Kufikia Juni 27 karatasi yenye uzito zaidi kati ya Kinshasa na Kigali ilikuwa inatiwa saini Washington, wakati mazungumzo na waasi wa M23 yakifanyika Doha.

Kuhama si jambo la Kongo peke yake. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 ikabaki SADC, na biashara yake haikufa. Rwanda ilitangaza Juni 2025 kwamba inaondoka ECCAS. Serikali hupima mahali panapoilipa, kama vilabu vinavyopima ligi.

Mfano huo wa ligi una mafunzo yake. Pac-12, ligi ya vyuo vikuu ya magharibi mwa Marekani yenye mizizi tangu 1915, ilipoteza wanachama 10 kati ya 12 kufikia 2024. Walikimbilia ligi zenye mikataba minono ya televisheni. Walibaki Oregon State na Washington State, ambao walikwenda mahakamani, wakashika jina na mali, kisha wakaanza kualika vyuo vingine, vingi kutoka ligi jirani ya Mountain West, vije kujiunga mwaka 2026. Faida waliyokuwa nayo ni kwamba walijua nani kaondoka na tarehe gani. Jumuiya haina bahati hiyo. Mwanachama wake anaweza kuondoka huku bendera yake ikiendelea kupepea Arusha.

Historia ya Jumuiya ya kwanza inaonyesha hatari ilipo. Idi Amin alipotwaa madaraka Januari 1971, Mwalimu Nyerere alikataa kuketi naye, na kikao cha marais watatu hakikufanyika tena. Kwa hesabu ya mikutano, Jumuiya ilikufa mwaka huo. Lakini treni ziliendelea, posta iliendelea, ndege za East African Airways ziliendelea kuruka. Ilikuwa mfu kichwani na hai miguuni kwa takriban miaka 6. Ilianguka shughuli zenyewe ziliposambaratika: shirika la ndege mwanzoni mwa 1977, kisha Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya Februari, na mpaka huo ukakaa umefungwa hadi Novemba 1983. Kilichosalia ni vile ambavyo nchi zilishindwa kuviacha: Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki, iliyopata mkataba mpya mwaka 1980 na makao yake yako Kampala, na chuo cha usafiri wa anga cha Soroti.

Kipimo, basi, ni shughuli. Na kwa kipimo hicho Mpondwe inatoa majibu yasiyoipendeza Arusha.

Chukua barabara. Rais Yoweri Museveni na Rais Félix Tshisekedi walikutana hapa mpakani tarehe 16 Juni 2021 kuzindua mradi ambao Uganda inachangia fedha zake: kilomita 80 kutoka Kasindi hadi Beni, nyingine 54 hadi Butembo, na 89 kutoka Bunagana hadi Goma. Hayo yalikuwa makubaliano ya nchi mbili, na Kongo haikuwa mwanachama bado. Chukua usalama. Majeshi ya Uganda na Kongo yalianza operesheni ya pamoja dhidi ya ADF Novemba 2021, nayo pia ni ya nchi mbili. Miundombinu ya soko la mpakani ilipata msukumo kutoka mradi wa Maziwa Makuu wa Benki ya Dunia, ambao COMESA ilishiriki. (Hata deni kubwa kati ya nchi hizi, fidia ya dola milioni 325 ambayo Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda ilipe Februari 2022, linalipwa kwa awamu bila Jumuiya kuwa na neno.)

Watu wa hapa wamewahi kuona gharama ya mpaka usio na mwenyewe. Juni 2019 mtoto wa miaka 5 aliyetoka Kongo alithibitishwa kuwa na Ebola katika hospitali ya Bwera, kisa cha kwanza cha mlipuko ule ndani ya Uganda. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023, miaka miwili kamili baada ya marais kuzindua barabara, wauaji wa ADF waliingia shule ya sekondari ya Lhubiriha, wakaua wanafunzi na wakazi zaidi ya 40. Mashambulizi ya namna hiyo hayazuiwi na azimio la wakuu wa nchi. Yanahitaji taarifa zinazovuka mto haraka kuliko anayekimbia na bunduki, na kazi hiyo leo inafanywa na Kampala na Kinshasa zenyewe.

Je, Jumuiya haina cha kuipa Kongo? Inacho, na ndicho ambacho makubaliano ya nchi mbili hayawezi kukitoa. Uganda haiwezi kuamua namna kontena la Butembo litakavyoshughulikiwa Mombasa au Dar es Salaam. Jumuiya inaweza, kupitia himaya moja ya forodha iliyoanza 2014. Ina pia mahakama ambayo mfanyabiashara anaweza kuishtaki nchi mwanachama. Kwa mikoa ya mashariki, ambayo bidhaa zake hutoka Bahari ya Hindi na si Atlantiki, hilo lina thamani kuliko kikosi chochote.

Kikwazo ni jinsi Jumuiya ilivyojifunga yenyewe. Mkataba unataka wakuu waamue kwa maafikiano, na unataka kila nchi ichangie bajeti sawa na mwenzake. Kanuni hizo ziliwafaa watatu waliojuana tangu ukoloni. Kwa wanachama 8, mmoja akiwa Somalia na wawili wakituhumiana kwa vita, kila asiyehudhuria anakuwa breki na kila asiyelipa anakuwa shimo.

Ibara ya 145 ya mkataba inamruhusu mwanachama kuondoka kwa theluthi mbili ya kura za bunge lake na notisi ya miezi 12. Kinshasa haijaitumia. Lakini ingeitumia kesho, saruji ya Hima ingevuka, barabara ya Beni ingeendelea, askari wangebaki msituni, na soko la Ijumaa lingejaa. Himaya ya forodha ikifika Kasindi, mwenye lori atakuwa wa kwanza kuuliza kwa nini Kongo inataka kuondoka. Kwa sasa hana sababu ya kuuliza.