Moyo hauonekani? Subiri kwanza, shosti!

Jamani kina dada, hivi nani aliwaambia ukichelewa siku zako wiki moja tu, ukikimbilia ultrasaundi utamkuta mtoto anakupungia mkono? Kila siku nasikia mtu katoka chumba cha kipimo macho mekundu, eti "hamna kitu". Hebu leo tuelewane.

Daktari hahesabu mimba tangu usiku ule mnaoukumbuka nyie wawili. Anaanzia siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho. Wiki ya tano, kwenye kioo unaona kifuko tu, kama doa jeusi, basi. Mapigo ya moyo mara nyingi huanza kuonekana wiki ya sita, na wiki ya saba mtoto mzima ana kama sentimita 1. Punje ya maharage! Sasa kama yai lilichelewa kutoka, unajihesabia wiki saba kumbe una tano na nusu. Utaona nini? (Na nyie akina kaka mnaouliza "dume au jike" wiki ya nane, tulieni.)

Kipimo cha tumboni mnakijua: maji mengi, kibofu kinajaa, jeli ya baridi. Ila mimba ikiwa changa unaweza kuambiwa kipimo kinaingia ukeni. Usiruke kitandani! Ni kifimbo chembamba, kinavalishwa kondomu (ndiyo, kondomu), unakojoa kwanza, na hakimfikii mtoto. Yale ni mawimbi ya sauti, siyo eksirei, wala hayatoi mimba. Ukitaka mhudumu wa kike awepo, sema.

Shosti wangu mmoja alipimwa hivyo, akaambiwa mtoto ana milimita 4 na moyo hauonekani. Jioni ile ile jamaa yake keshaulizia pa "kusafisha". Nikawaambia ngojeni bwana! Mtoto akiwa chini ya milimita 7, moyo kutoonekana siyo ushahidi kwamba mimba imeharibika. Madaktari wanakurudisha upimwe tena baada ya wiki moja au mbili. Akarudi siku ya 10: moyo unadunda kama ngoma. Siwadanganyi, wapo wanaorudi na jibu likawa baya, na linauma kweli. Lakini wanakuwa na uhakika, hawakutoa kwa kubahatisha.

Kuna mtu mmoja tu sitaki asubiri hata kesho. Kipimo cha mkojo kinasema mimba ipo, halafu tumbo linakata upande mmoja, damu inatoka, kizunguzungu, au bega linauma bila sababu. Huyo mimba inaweza kuwa imetunga nje ya kizazi, kwenye mrija, na mrija ukipasuka unavuja damu ndani kwa ndani mpaka mtu anakufa. Usiku wa manane au siku ya sikukuu, chukua teksi uende hospitali, na ukifika useme mapema kwamba una mimba.