Nyuki wa Tanga tunawajua, wapagazi je?

Najua nimepotea, mnisamehe. Nilikuwa fildi, wiki nane nafundisha Historia kidato cha nne, na huko nilikokuwa ili upate mtandao sharti upande kichuguu nyuma ya nyumba ya walimu. Sasa nimerudi chuo, bumu halijatoka (kama kawaida), nina muda, na nina jambo limenikaa kooni.

Lilianza kama utani. Kipindi cha saa nane mchana, watoto wameshashiba makande, nusu ya darasa wanasinzia. Mada ni Vita Kuu ya Kwanza. Nikajisemea, hapa nikianza kuandika ubaoni sababu za muda mrefu na za muda mfupi nitabaki peke yangu. Nikafunga kitabu nikawapa vituko.

Nikaanza na Tanga, Novemba 1914. Waingereza wanashuka na watu kama 8,000, wengi wao wametolewa India. Upande wa Wajerumani kuna kama 1,000 hivi, wengi wao askari Waafrika, chini ya Lettow-Vorbeck. Risasi zinapigwa, mizinga ya nyuki inachokozwa, nyuki wanatoka. Nyuki hawaulizi bendera jamani, waling'ata pande zote mbili! Waingereza wakashindwa, wakarudi melini wakaacha bunduki na risasi kibao ufukweni, na baadaye wakadai eti Wajerumani waliwatega kwa nyuki. Darasa likaamka.

Nikaona dawa inafanya kazi, nikaongeza. 1915 Waingereza wanataka kuwatoa Wajerumani Ziwa Tanganyika. Wanaleta boti mbili ndogo kutoka Uingereza, kwa meli hadi Cape Town, kisha treni, kisha zinaburutwa kupita misitu na milima ya Kongo. Kamanda wao, Spicer-Simson, alikuwa na tabia ya kuvaa sketi. Alitaka kuziita boti zake Paka na Mbwa, wakubwa wake London wakakataa. Basi akaziita Mimi na Toutou, yaani kwa Kifaransa ni kama useme Nyau na Hau. Hebu fikiria mvuvi wa Kigoma anauliza "boti gani ile?" anajibiwa "Mimi". Watoto walicheka mpaka mwalimu wa darasa la jirani akachungulia dirishani.

Nikawapa na ya Zanzibar, 27 Agosti 1896, vita ya dakika kama 38 hivi, pungufu ya kipindi kimoja cha darasani. Nikajiona mwalimu wa karne.

Ndipo binti mmoja wa dawati la nyuma, ambaye wiki sita zote hakuwahi kunyoosha mkono, akasimama. "Samahani mwalimu. Hizo boti zilivyopanda milima, nani alikuwa anavuta?"

Nikasema kulikuwa na mashine za mvuke, na ng'ombe, na... watu. "Watu gani mwalimu?" Wapagazi, nikasema. Wenyeji. Walikuwa wengi. "Walikuwa wanaitwa nani?" Kengele ikanisaidia. Naomba mnielewe, kengele ilinisaidia kweli, maana nilikuwa sina kitu. Jina la kamanda mvaa sketi ninalo. Majina ya boti ninayo. La mvuta kamba hata mmoja sina.

Rumeti wangu nilipomsimulia akasema nakuza mambo, historia ni hivyohivyo, wanaoandikwa ni wakubwa. Mimi nakataa. Sikatai kwamba ndivyo ilivyoandikwa, nakataa kwamba sisi tunaokwenda kuwa walimu tuendelee kuipokea hivyo. Na sisemi tuache vituko, maana bila nyuki wangelala. Nasema kituko tunakikata katikati, tunabakiza cha kuchekesha. Hata ile vita ya dakika 38: upande wa Sultani Khalid waliuawa na kujeruhiwa watu kama 500. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Hiyo nusu ya pili sikuisema darasani, kwa sababu ingeharibu kicheko.

Turudi kwa wapagazi. Kwa nini watu wabebe mizigo ya jeshi karne ya ishirini, wakati magari yapo na wanyama wapo? Kwa sababu ya mbung'o. Farasi, punda, ng'ombe, wote walikufa kama nzi, na barabara hakuna. Akabaki mtu. Na mtu ana hesabu yake mbaya ambayo nimeipigia chini ya taa ya hosteli jana usiku. Chukua mzigo wa kilo 25 za chakula kichwani. Mbebaji naye anakula, sema kilo moja kwa siku. Akitembea siku kumi na mbili kwenda na kumi na mbili kurudi, ameumaliza karibu mzigo wote yeye mwenyewe! Kwa hiyo ili gunia moja lifike mbele unahitaji watu wa kubeba chakula cha wabebaji, na wengine wa kubeba cha hao. Ndiyo maana idadi yao kwa upande wa Waingereza na washirika wao inakadiriwa kufika kama milioni moja. Wengi walichukuliwa kwa nguvu. Suluhisho la kupunguza hesabu hiyo lilikuwa rahisi, kuwapunguzia posho. Wakapewa unga mbovu, uliopikwa nusu nusu, wakapata kuhara damu, malaria, nimonia. Takwimu za Waingereza wenyewe zinataja zaidi ya 40,000 waliokufa, na wanahistoria wengi wanaona ni ndogo kuliko ukweli. Risasi iliwaua wachache sana kati yao.

Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Litamke haraka haraka kama mtu aliyechoka. Carrier Corps... Kariakoo. Ndiyo, Kariakoo hiihii ya kwetu. Waingereza walipoichukua Dar mwaka 1916 ndipo walipowaweka hapo wapagazi wao. Nairobi nao wanayo yao, wanaandika Kariokor. Mimi hili nilikuwa nalijua tangu sekondari, lakini nililijua kama swali la chemsha bongo. Juzi nimo kwenye daladala, konda ananing'inia mlangoni anaita "Kariakoo! Kariakoo!", nikajikuta nashindwa kumlipa nauli vizuri. Kila siku tunawaita watu wale, na hakuna anayeitika.

Nikashuka Posta nikaenda kumwangalia yule askari wa shaba. Amesimama hapo tangu 1927, bunduki mkononi, singe imeelekezwa bandarini. (Kabla yake alisimama pale Mjerumani, von Wissmann, Waingereza wakamng'oa.) Sanamu ya Nairobi ina watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Ya kwetu ina mtu mmoja tu. Hapa Dar mpagazi hakusimamishiwa sanamu yake, alipata soko.

Na kuna kituko kingine ambacho ningekisimulia pia kwa mbwembwe kama kengele isingelia. 1964 serikali ya Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa malimbikizo ya mishahara askari wa zamani waliokuwa bado hai. Wazee kama 350 wakajitokeza Mwanza, wachache tu wana vyeti. Inasimuliwa kwamba kila mmoja alipewa fagio na kuamriwa kwa Kijerumani afanye gwaride la bunduki, na hakuna aliyekosea. Miaka karibu hamsini imepita, mikono inakumbuka! Kizuri sana, nakubali, nami nilicheka nilipokisoma mara ya kwanza. Ila jiulizeni, mpagazi angepimwa kwa lipi? Angebebeshwa ndoo? Upande wa Waingereza nako mishahara ya maelfu ya wapagazi waliokufa ilibaki haijachukuliwa na mtu.

Siku ya mwisho ya fildi yule binti alinifuata ofisini. Akaniambia kwao inasemwa babu wa babu yake alichukuliwa akabebe mizigo ya wazungu na hakurudi, na kwamba bibi yake huwa analitaja jina lake wanapotambika. Nikamwambia aliandike nyuma ya daftari la Historia. Akaniuliza kama litatoka kwenye mtihani. Nikasema hapana. Akaliandika.

Sasa nawauliza ninyi mnaopita hapa, hasa wa Morogoro, Lindi, Mtwara, Songea, Iringa, na ndugu zetu wa Kenya. Mkienda likizo waulizeni wazee. Kama kwenu lipo jina, niandikieni hapo chini, hata kama ni jina moja tu. Mimi kesho nina testi ya Saikolojia ya Elimu saa mbili asubuhi na sijafungua hata notsi. Usiku mwema.