Bei kubwa ya steki haimlindi mlaji wala haimfikii mfugaji

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Usemi huo umewaingia sana wakazi wa mijini, kiasi kwamba mtu akiona bei kubwa kwenye orodha ya vyakula huamini moja kwa moja kuwa chakula hicho ni kitamu na ni salama. Wenye migahawa ya steki katika miji kama Dar es Salaam, Arusha na Mwanza wanaifahamu vizuri imani hiyo, na wapo wanaoitumia bila huruma.

Malalamiko ya wateja wa migahawa ya aina hiyo yanafanana. Mteja anakaa saa nzima akitazama taa na mapambo. Steki inafika imepoa, ngumu kama soli ya kiatu, au nje imeungua na ndani bado mbichi wakati aliagiza iliyoiva kabisa. Akimuuliza mhudumu hiyo ni nyama ya sehemu gani, anajibiwa, "Ni ya ng'ombe, mzee." Akiomba kumuona meneja, meneja katoka kidogo. Kitu pekee kinachokuja haraka ni bili.

Mfugaji au mwenye bucha anaweza kusema hayo ni matatizo ya wenye fedha zao, yeye hayamhusu. Yanamhusu sana. Mla steki ni miongoni mwa wateja wachache walio tayari kulipa ziada kwa ajili ya ubora wa nyama, si kwa ajili ya kilo tu. Akikatishwa tamaa mara mbili au tatu anahamia kwenye kuku na samaki, na mgahawa unaojali jina lake unaamua kuagiza nyama nje. Kwa miaka mingi hoteli za kitalii nchini zimekuwa zikileta nyama kutoka Kenya na Afrika Kusini, wakati Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30. Fedha hizo zingeweza kubaki Shinyanga, Dodoma au Manyara.

Ni haki kwanza kusema kwamba steki kuwa ghali si dhambi. Chukulia ng'ombe wa asili, yaani zebu, aliyefika mnada wa Pugu akiwa na uzito wa kilo 250. Akichinjwa atatoa nyama na mifupa takriban nusu ya uzito huo, kama kilo 125. Katika hizo, sarara, ile nyama laini ya ndani ya mgongo ambayo wapishi wanaiita fileti, ni kama asilimia mbili tu, yaani kilo mbili na nusu. Ukitoa mafuta na ngozi nyeupe inayoifunika, ng'ombe mzima hafikishi sahani kumi za gramu 250. Kitu kinachopatikana kwa uchache namna hiyo lazima kiwe na bei yake.

Tatizo ni kwamba bei hiyo inazaliwa mgahawani na kuishia hapo hapo. Chukulia sahani ya gramu 250 inauzwa Sh45,000. Kwa hesabu hiyo kilo moja ya nyama imeuzwa Sh180,000. Chukulia pia kwamba kilo ya steki buchani ni Sh12,000. Mgahawa umeuza mara 15 ya bei ya bucha. Katikati hapo kuna pango, umeme, mishahara, kodi, viazi na mchuzi wa pilipili manga, na hakuna anayemtaka mfanyabiashara auze kwa hasara. Lakini ukitafuta ni shilingi ngapi kati ya hizo zimekwenda kuifanya nyama yenyewe iwe laini na salama, mara nyingi utakuta sifuri.

Hata neno lenyewe linaeleza mambo. Kwenye bucha za mitaani, steki maana yake ni nyama yoyote isiyo na mfupa, na iliyobaki ni mchanganyiko. Sarara, paja na bega vinaweza kwenda kwenye mzani mmoja kwa bei moja. Mwenye bucha akiitenga sarara na kuitunza vizuri, kwa mteja wake wa kawaida hapati nyongeza yoyote. Kwa nini ahangaike?

Ugumu wa steki unaanza huko nyuma kabisa. Minada mingi bado inauza ng'ombe kwa kukadiria kwa macho, dalali akizunguka na kuminya nundu. Ng'ombe mzee aliyemaliza miaka yake akivuta plau anaweza kuuzwa karibu sawa na dume la miaka mitatu lililoneneshwa kwa mashudu na makapi ya pamba, mradi yanalingana umbo. Mfugaji wa Kanda ya Ziwa aliyegharimia chakula cha miezi mitatu anajikuta ameuza ulaini wa nyama bure, kwa sababu jicho la dalali halioni ulaini. Msimu unaofuata hanenepeshi tena.

Kisha kuna safari. Ng'ombe anapakiwa kwenye lori, anasimama siku mbili bila maji ya kutosha, anashushwa kwa fimbo, na pengine anachinjwa kabla hajapumzika. Mnyama wa namna hiyo anakuwa ameshatumia sukari yote iliyohifadhiwa kwenye misuli. Baada ya kuchinjwa, sukari hiyo ndiyo inayotakiwa kugeuka kuwa asidi kidogo ndani ya nyama. Isipokuwepo, nyama inakuwa nyeusi na inanata, na inaharibika upesi. Kila fimbo inayopigwa kwenye ngazi ya lori inapunguza thamani ya nyama, ingawa haionekani kwenye kitabu cha mtu yeyote.

Jambo linalosahaulika kuliko yote ni muda. Wateja wetu wa Kiswahili wanapenda "nyama ya leo", na kwa mchuzi unaochemka saa mbili jikoni hawajakosea. Steki ni jambo jingine. Saa chache baada ya ng'ombe kuchinjwa misuli inakakamaa, na kwa ng'ombe ukakamavu huo unafikia kilele kati ya saa 12 na 24. Baada ya hapo vimeng'enya vilivyomo ndani ya nyama yenyewe vinaanza kuilainisha taratibu, kazi inayohitaji wiki moja hadi mbili nyama ikiwa imening'inizwa kwenye baridi ya nyuzijoto sifuri hadi nne. Katika machinjio mengi ng'ombe wanachinjwa usiku au alfajiri, na nyama inafika buchani kabla jua halijapanda. Mgahawa unaoinunua asubuhi na kuichoma saa mbili usiku umeichoma katika saa zake mbaya kuliko zote, halafu lawama anabebeshwa zebu kwamba nyama yake ni ngumu kwa asili. Zebu ana mapungufu yake, lakini hili si lake.

Mpishi anajua kwamba nyama ni ngumu, hivyo anatafuta njia ya mkato. Anaiponda kwa nyundo, anaitoboatoboa kwa uma, anaipaka papai bichi na kuiacha juu ya meza hadi oda zianze kuingia. Papai linalainisha kweli, akina mama wa Pwani wanalijua tangu zamani. Hatari iko kwenye uma na kwenye meza.

Kipande kizima cha nyama kinabeba vijidudu vingi zaidi upande wa nje, na ndiyo maana wataalamu wanakubali steki iliwe ikiwa na wekundu kidogo ndani, mradi nje imeungua vizuri na ndani imefika nyuzijoto 63 na kuachwa dakika tatu. Ukiitoboa, umevisukuma vijidudu ndani ambako moto haufiki. Kwa sababu hiyo hiyo nyama ya kusaga inahitaji nyuzijoto 71 au zaidi. Nchini Marekani mwaka 1993, hambaga zisizoiva vizuri za kampuni moja kubwa ya vyakula ziliua watoto 4 na kuugua watu zaidi ya 700. Kampuni ile haikuwa kibanda cha mtaani, ilikuwa na jina na matangazo.

Wateja wengi wanaogopa maji mekundu kwenye sahani wakidhani ni damu. Si damu. Ni maji ya nyama yenye protini nyekundu. Wangefaa kuitazama zaidi kachumbari, ambayo haipiti motoni hata kidogo na mara nyingine imekatwa kwenye ubao ule ule uliokatiwa nyama mbichi. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae nje ya baridi zaidi ya saa mbili, na chakula kinachoharibika kiwekwe chini ya nyuzijoto tano. Umeme ukikatika na jenereta likawashwa kwa ajili ya taa na muziki huku friza ikisubiri, mteja aliyeketi ukumbini hawezi kujua.

Tena kuna mambo ambayo moto hauyaondoi. Ng'ombe aliyechomwa sindano ya antibiotiki jana na kupelekwa mnadani leo ameibeba dawa hiyo hadi kwenye sahani. Siku za kusubiri zimeandikwa kwenye chupa, na kwa dawa zinazokaa mwilini muda mrefu zinaweza kufika wiki kadhaa. Hapa mfugaji naye ana sehemu yake ya lawama. Nyama isiyopigwa muhuri wa mkaguzi inaweza kuwa na vifuko vya tegu, na ikiliwa nusu mbichi kwa jina la steki, tegu anapata mwenyeji mpya aliyelipa Sh45,000 kumpokea.

Usalama wa jengo nao si haba. Jiko la steki lina mkaa, mafuta yanayolipuka moto na mitungi ya gesi. Mgahawa uliofunga mlango wa nyuma kwa kufuli ili wateja wasitoroke na bili umeweka bili mbele ya roho za watu.

Sheria hazikosekani. Sheria ya Nyama ya mwaka 2006 ilianzisha Bodi ya Nyama, na tangu 2019 usalama wa chakula umetoka iliyokuwa TFDA kwenda Shirika la Viwango, TBS. Lakini mkaguzi hawezi kusimama kwenye kila jiko saa mbili usiku, na hofu ikishaingia sokoni haichagui bucha safi na chafu. Mwaka 2007, homa ya Bonde la Ufa ilipoua watu 144 nchini, wateja waliikimbia nyama ya ng'ombe, na waliokuwa na mifugo mizima nao wakakosa soko.

Njia iliyo karibu zaidi ni ya kibiashara, na haihitaji mamilioni. Chukulia mwenye bucha mwenye chumba cha baridi anakubaliana na mgahawa kutunza sarara siku kumi. Atatumia umeme, nyama itapungua uzito kwa kukauka, na fedha yake italala siku zote hizo. Badala ya Sh12,000, mgahawa umlipe Sh28,000 kwa kilo. Nyongeza ni Sh16,000 kwa kilo, ambayo kwa sahani ya gramu 250 ni Sh4,000. Kwenye steki ya Sh45,000 hiyo haifiki asilimia kumi, na hata mgahawa ukiibeba yote bila kupandisha bei, utaipata kwa sahani ambazo hazirudishwi jikoni. Kipimajoto cha kuchoma kwenye nyama ni cha bei ndogo kuliko sahani moja kama hiyo.

Kwa ng'ombe mmoja mwenye kilo mbili na nusu za sarara, nyongeza hiyo ni Sh40,000. Nyama ya juu ya mgongo nayo ikiingia kwenye makubaliano, inaongezeka zaidi. Hapo mwenye bucha ana sababu ya kumfuata mfugaji moja kwa moja na kumwambia: niletee dume lisilozidi miaka mitatu, lililopimwa kwa mzani, lililopumzika siku nzima na kunywa maji, na karatasi inayoonyesha lilichomwa dawa lini, nitakuongezea kiasi fulani. Mwenye migahawa anayeandika kwa fahari mvinyo wake umetoka nchi gani na mwaka gani, hashindwi kuandika ng'ombe wake ametoka wilaya gani na alichinjwa tarehe ngapi.

Sehemu ngumu ni malipo. Migahawa mingi mikubwa hununua kwa mkopo na kulipa baada ya mwezi, wakati mnadani hakuna mkopo. Mwenye bucha mdogo akifungiwa fedha ya ng'ombe wanne kwa siku 30, atarudi kuuza nyama ya leo kwa fedha taslimu, na hatakuwa na kosa. Kwa hiyo makubaliano yaandikwe, yataje kilo, siku za baridi, joto la nyama inapopokelewa na malipo ndani ya siku saba, na yaanze na ng'ombe mmoja au wawili kwa wiki mpaka pande zote mbili zione hesabu zimekaaje.